Fundi wa Breki wa Chake Chake

Fundi huyu hasemi na mtu kabla hajalisikiliza gari. Bi Rahila alimletea Pijo kuukuu ya marehemu mumewe. Ilishafungwa busta ya kulainisha breki, lakini pedali ilibaki ngumu, na goti lake bovu halikuiweza. Fundi alizima redio, akaacha injini ikinguruma, akafumba macho na kupapasa mpira wa hewa uendao kwenye busta kwa vidole vyeusi, polepole, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Vikasimama. “Hapa yavuja.” Akakata palipopasuka, akauchomeka tena mpira, akakaza klipu, akazima injini. “Kanyaga, Bi Rahila, kisha uwashe.” Alipowasha, pedali ikazama yenyewe chini ya unyayo wake, naye akacheka kwa sauti. Fundi akaketi kiti cha pembeni, akafunga mlango. “Haya, tushuke mteremko wa sokoni, unifikishe nyumbani nikale.”