Chupa Zilizofungwa Kamba

Miaka ile ya mwanzo ya hifadhi ya bahari, kila mgeni aliyefika kijijini kwetu alikuja kutufundisha usafi. Sisi, ambao vifuu vya nazi kwetu ni kuni, majivu ni mbolea, na matumbo ya samaki ni ya kuku! Taka zilizotushinda zililetwa na maji, hasa chupa za plastiki.

Hata hizo tulizipa kazi. Wanawake tunaolima mwani tulizifunga kwenye kamba zetu zikawa vyelezo, mwani uelee. Kamba ikilala mchangani, samaki aitwaye tafi anautafuna mwani wote. Na tulikuwa na desturi yetu: chupa iliyofungwa kamba shingoni ina mwenyewe, hata ukiikuta peke yake ufukweni, huigusi.

Asubuhi moja likaja lori la mradi wa kuzoa taka. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi, rundo langu lote la chupa zilizofungwa kamba, pembeni mwa nyumba, halipo. Kesho yake ilikuwa bamvua, maji yanatoka mbali, siku ya kupanda mwani. Juya la mume wangu, wavu wa kukokota, lilikwisha pigwa marufuku na hifadhi. Tulichokula nyumbani ni mwani wangu. Nikaliona rundo langu ndani ya lori.

Aliyeniudhi si bwana wa mradi aliyekuja na lori. Yeye ametoka bara, fundo letu angelijulia wapi? Walioniudhi ni vijana wetu wenyewe, waliopakia huku wanajua, eti kwa kuwa wamevishwa fulana mpya. Mmoja wao mpwa wangu. Aliponiona akageuza uso.

Nikapanda lorini, nikakaa juu ya rundo.

"Shikamoo mama," akasema bwana wa mradi. "Shuka tafadhali."

"Marahaba mwanangu. Sishuki."

"Lakini mama, hizi ni taka."

"Ni zangu."

Majirani wakaangua kicheko. "Makubwa haya! Leo taka zimepata mgombea!"

"Zikishapakiwa ni za mradi, mama."

"Na mimi nimeshapakiwa. Haya, twendeni."

Dereva, mtu mwenye haraka zake, akatia moto. Nikapitishwa mpaka sokoni Kilindoni nimeketi juu ya taka, kanga nimejitanda, watu wananinyooshea vidole. Niliona aibu, sisemi uongo. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Mahali pa kumwaga palikuwa shimo tu nyuma ya minazi, bahari iko hapo chini, na mifuko ya safari zilizopita imeshateremka hadi kwenye maji.

"Kumbe mnazitoa kwetu mkazirudishe baharini!"

Bwana wa mradi akalitazama shimo, kisha viatu vyake. "Chukua zako mama, tukurudishe."

Nikazitoa zangu. Kisha nikaanza kuokota zile zisizo na fundo, nikachana ukuti wa mnazi ulioanguka hapo, nikazifunga shingoni moja moja, taratibu, mbele ya macho yake. Dereva akapiga honi.

Nikaokota nyingine.