Ndoana na Kartushi za Koko

Mwezi uliopita nilirudi Walikale kwa msiba wa shangazi yangu, na mtoto wa kaka yangu akaniomba ndoana ya kwenda nayo mtoni. Nikaenda sokoni. Kijana mmoja anayeuza betri, sabuni na vocha za simu akanisogezea kopo lililojaa ndoana zilizoshikana, macho yake yako kwenye simu. "Kamata yoyote, mama," akasema. "Yote iko moja." Nilichagua, nikalipa, nikabaki nimesimama pale nimekasirika kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Koko, maana ndivyo tulivyomwita bibi yetu, angemfukuza kijana yule kwa ufagio.

Sijui kama wewe uliwahi kuliona duka la namna ile. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake ya mbao, hatua chache kutoka mto Lowa. Nyuzi za nailoni zilining'inia darini, waya na visu vilipangwa ukutani, na harufu ya mafuta ya bunduki ilichanganyika na ya sombe, majani ya muhogo, iliyochemka nyuma. Ukiomba ndoana, koko aliuliza kwanza unataka samaki gani, utakaa sehemu gani ya mto, na maji yameamkaje. Wa kambale walipewa ndoana nene. Sisi watoto tulipewa ndogo, pamoja na mashauri ambayo hatukuyaomba. Mtu alikuja kununua kitu kimoja akaondoka baada ya saa nzima, na hakujuta.

Lakini sifa ya duka ilikuwa kartushi, zile risasi nene za bunduki ya kuwindia. Koko alizifungia katika sanduku la bati, na juu ya sanduku alikaa yeye mwenyewe. Kila moja aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako, apate kuzitambua zake. Hakukupa mpya bila kumrudishia ganda la ile ya zamani, na ulipolirudisha ulijibu maswali matatu mbele ya kila aliyekuwepo. Ulipiga nini? Ulipata ao ulikosa? Nani alikula? Hilo la tatu ndilo lililokuwa zito, kwa sababu kwetu nyama ya porini haikuliwa kwa siri. Ulitaja nyumba, na kesho yake koko alipita kusalimia nyumba hiyo.

Jirani yetu, mwindaji mwenye maneno mengi kuliko nyama, hakuwahi kukubali kwamba amekosa. Mara alipiga chafya, mara mnyama alikuwa wa ajabu. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Sema tu ulikosa, papa." Watu wote walicheka, naye pia alicheka, akapewa kartushi yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Jumamosi ile koko alipokwenda mazoezi ya kwaya akaniachia ufunguo wa sanduku. Sikuachiwa bure, nilikuwa nimeyashika maswali yote. Akaingia mwanaume nisiyemjua, amevaa vizuri, akaweka mezani maganda mawili yenye tone jekundu. Alipiga nini? Nguruwe wa porini. Alipata? Alipata, na akanisimulia jinsi alivyomfuata bondeni, jinsi mbwa walivyomzunguka. Rafiki yangu, alisimulia vizuri. Nilisikiliza mdomo wazi, nikafungua sanduku, nikampa kartushi mbili. Swali la tatu nililikumbuka alipokuwa ameshavuka daraja.

Koko aliporudi nilimrudishia ufunguo, habari ya swali lile sikumwambia. Siku tatu baadaye jirani yetu aliletwa kwa machela. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye bidoni za mafuta ya mawese, watu wakamtokea njiani, wakampiga risasi mguuni na kuchukua kila kitu. Waliomwokota walileta maganda mawili. Koko aliyageuza. Tone jekundu, yote mawili.

Alinitazama mara moja tu. Wawindaji walijaa dukani mchana ule wakitaka kujua nani aliwapa kartushi watu wale, nami nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua sombe. Nikamsikia koko akisema, "Mi njo niliuzisha. Nilisahau kuuliza." Ndiye mwanamke yuleyule aliyekuwa amewatoa jasho watu wazima kwa ajili ya ukweli wa mnyama mmoja.

Wiki hiyohiyo alizitupa kartushi zote mtoni. Wawindaji waliendelea kuja, kukaa tu na kuongea, mpaka ukafika wakati wa vita ambapo mtu akionekana njiani na bunduki, hata kuukuu ya babu yake, hakuna aliyemuuliza kama anawinda, alihesabiwa mpiganaji. Wakazifukia bunduki zao, wakashika majembe. Ndoana nazo zikaanza kuja kwa makopo kutoka Goma. Koko akauza nyuzi za mwisho, akafunga. Alifariki bila kunigusia jambo lile, na mimi sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Basi pale msibani jirani yetu alikuja kukaa karibu nami, mzee sasa, mguu ule ameunyoosha mbele. Sijui nilipata wapi nguvu. "Papa," nikasema, "zile kartushi, mi njo nilizitoaka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Tulijuaka tangu siku ile. Mi niko muongo wa zamani, ninajua uongo. Ule wa koko yako ulikuwa mubaya sana, kila mutu aliuona." Akaniambia kwamba wawindaji wenzake walikwenda kumwona alipolazwa na jeraha lake jioni ileile, wakakubaliana naye kwamba mtoto asiulizwe.

Nilipita mbele ya nyumba zao kwenda shule kila asubuhi, miaka na miaka. Walinisalimia, walinituma kwa koko, mmoja alinichongea kibao changu cha kuandikia. Wote walijua. Siku zote nimekuwa nikililia duka. Sasa ninawalilia wale wanaume, maana karibu wote wameshazikwa, nami nilikuwa nikiwapita mbiombio, macho chini, hata asante sikuwaambia.