Thermos Juu ya Mashine ya DNA

Umewahi kuona mashine ya kupima DNA ikigeuzwa meza ya thermos? Mimi nimeona, kwa ofisi moja ya mifugo huku Bomet, nilipomsindikiza mama yangu kuleta damu ya ng'ombe wetu mgonjwa ipimwe.

“Hii lazima iende Nairobi, mama,” karani akasema, akijimiminia chai.

Mama akanyoosha kidole. “Na hiyo mashine, si inatambua ugonjwa kwa damu hapa hapa? Kama hiyo iko kwa picha ukutani kwangu, na huyu mtoto wangu amesimama kando yake na koti nyeupe. Ni molecular biologist, mtu wa kupima DNA! Masomo iko, ni kazi hakuna.”

Foleni nzima ikapiga makofi. Walai, hata siku ya graduation sikupigiwa hivyo. Karani akaondoa thermos yake polepole, akaikumbatia.

Sasa nyinyi wakubwa wa mifugo, chai tunayo tele huku. Washeni hiyo mashine, mniite kazini kabla ng'ombe wa Mama hajafa.