Diski Iliyojua Kompyuta Moja Tu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeisahau. Lakini wewe umefika Dubai juzi tu, na umeniambia unakwenda kununua diski ya kuhifadhi picha zako. Basi nitaisimulia tena, hata kama inaniuma.

Nilikuwa mlinzi kijana, mjuaji wa kila kitu. Nilipokwenda likizo nyumbani Bungoma nilimrekodi mama kwa simu, karibu saa nzima, akitaja majina ya ukoo wetu na kutubariki watoto wake mmoja mmoja. Niliporudi huku simu ikajaa. Nikanunua diski ya nje bila kuuliza itasomwa na kompyuta gani. Chumbani kwetu, mtaa wa International City, mwenye kompyuta alikuwa mmoja tu, Mzee Musoke, Mganda mpiga picha wa harusi, naye alitumia Mac. Akaiandaa diski kwa Mac yake, akahamishia video, nami nikaifuta kwenye simu papo hapo.

"Ndugu, Windows haitaisoma hii," akaniambia. "Nipe dakika chache niiweke video kwenye kompyuta yangu kwanza, kisha niipange diski upya isomwe na zote mbili. Na nakala nyingine uiweke mahali pengine."

"Khalas, Mzee, iache hivyo hivyo. Basi la kampuni limefika."

"Mama yako alikupa saa nzima. Wewe dakika chache zimekushinda?"

Nilicheka, nikatoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa njiani.

Musoke alimaliza mkataba akarudi Kampala. Haukupita muda, dada yangu Nekesa akapiga simu: mama ametutoka. Likizo nikanyimwa. Nikamwahidi Nekesa kwamba angalau nitatuma ile video, waombolezaji wamsikie mama siku ya mazishi. Nikaomba kompyuta ya ofisini kazini, ya Windows, nikachomeka diski. Maandishi yakatokea: diski haisomeki, je, ifomatiwe?

Sisi walinzi, mwanangu, tulizoezwa jibu moja. Madam akiuliza, yes. Sir akiuliza, yes. Ukisema no, unatafutiwa tiketi ya kurudi kwenu. Nami nikaijibu mashine kama nilivyowajibu wakubwa. Ikanionya kwamba kila kitu kitafutika, nami hata kusoma sikusoma, nikabonyeza yes tena. Diski ikafunguka ikiwa tupu. Hata fundi niliyempelekea mtaa wa Deira hakuambulia kitu.

"Watu wamekaa wanangoja," Nekesa akaniambia kwenye simu.

Sikuwa na la kutuma. Wakamzika. Nekesa hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana. Wanangu huniuliza bibi yao alizungumzaje. Nikimwigiza, najua nawadanganya.

Basi sikia. Kabla hujalipia diski, jiulize itachomekwa kwenye kompyuta za nani, hapa na nyumbani. Mwambie muuzaji aipange kwa mfumo wa exFAT, unaosomwa na Mac na Windows, tena ingali tupu, maana kuipanga upya ni kufuta kila kitu. Ijaribu kwenye zote mbili. Usifute cha kwenye simu mpaka uwe na nakala mbili. Na mashine ikikuuliza kama diski ifomatiwe, sema no. Haina uwezo wa kukufukuza kazi. Ichomoe diski, utafute anayejua.

Nenda, mwanangu. Mungu akutunzie wazazi wako, akupe riziki katika nchi hii ya watu, na asikuonjeshe ukimya huu ninaoishi nao.