Chelangat Alipoweka Sikio Mgongoni Mwangu

Mimi ni Nyaboke, mama yake Brian, na napika chai hapa Sotik. Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu Mungu ndiye wa kushukuriwa kwanza, na pia kwa sababu kuna watu mjini waliosikia kwamba nimefia ng'ambo, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuulizia kibanda changu.

Nilizaliwa kwenye shamba la majani chai upande wa Kericho, katika nyumba za wafanyakazi. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma, na mimi mwenyewe nilichuma miaka tisa kabla ya kufungua hoteli yangu ya chai. Kule kwenye majani chai nilijifunza mambo mawili ambayo baadaye nusura yaniue. La kwanza: usiseme unaumwa. Mama alikuwa akininong'oneza, "Ukiambia nyapara kichwa inauma, atakutoa kwa mstari apatie mtu mwingine." Kwa hiyo unameza mate, unainama, unachuma. La pili: kichwa kikiuma, dawa yake ni chai. Huku kwetu mtu akikosa chai ya saa nne kichwa kinamgonga, na hakuna anayehitaji daktari kuelezwa hilo.

Safari yenyewe ilianza kwa mzaha. Daktari aliniambia nina presha na kwamba nipunguze mwili. Nikamweleza Chelangat. Chelangat ni Mkipsigis, mfugaji wa Ndanai, na ndiye anayeniletea maziwa kila asubuhi, miaka mingi sasa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama Brian, hizo mandazi unauza ama unakula zote?" Jumamosi hiyo akanipitia tukatembea mpaka jasho likalowesha kitambaa. Wanawake wengine wakajiunga. Tukawa chama cha kutembea, tukapanda Mlima Kenya tukarudi salama, na hapo vichwa vikavimba. Mmoja wetu akaona kwenye simu kwamba watu wa kawaida, hata wenye mvi, wanatembea Nepal hadi kambi iliyo chini ya Mlima Everest, pale wapandaji wanapopiga hema kabla ya kwenda kileleni. Tukaweka akiba miaka minne. Tulikuwa saba. Karo, harusi na goti la mtu mmoja vilituchuja hadi tukabaki wawili, mimi na Chelangat.

Kiongozi wetu kule Nepal alikuwa Pasang, mtu mpole wa makamo anayeongea Kiingereza polepole. Alituita didi, yaani dada mkubwa. Siku ya kwanza alitukalisha chini akasema: huku juu hewa ni kidogo, tembeeni polepole, kunyweni maji, na mtu akijisikia vibaya aniambie, hata kama ni kitu kidogo. Kila jioni alikuwa akitubana kidole kwa kifaa kidogo kinachoonyesha kama damu ina hewa ya kutosha. Alitupa pia vidonge vya kuzoesha mwili. Vile vidonge vilinikojoza vibaya sana, na choo kilikuwa nje kwenye barafu. Siku ya pili nikaviacha, nikavificha ndani ya soksi. Sikumwambia mtu.

Nilimwambia Pasang asiwe na wasiwasi nasi. "Sisi ni watu wa nyanda za juu," nikamwambia. "Wakimbiaji unaowaona kwa televisheni wanatoka kwetu." Akacheka, akasema, "Sawa, didi. Lakini polepole." Mimi polepole siijui. Nilitembea kama mtu anayetaka kumaliza mstari wake wa majani chai kabla ya jirani, na nilipowapita wazungu wenye fimbo zao mbilimbili nilijisikia raha ambayo sasa naionea haya.

Siku ya nne kichwa kikaanza. Kilianzia nyuma ya macho, kikashuka shingoni. Nikajiambia, hiki ni kichwa cha chai. Chai yao ilikuwa nyepesi, ya maziwa ya unga, na mimi nimezoea chai iliyopikwa ikaiva. Nikatoa pakiti ya majani niliyoibeba kutoka Kericho, nikamwomba mama mwenye nyumba ya wageni aniachie jiko lake. Nikaweka sufuria. Maji yakachemka upesi ajabu, yakafura. Nikatia majani. Rangi haikutoka. Nikaongeza, nikangoja, nikakoroga. Bado ilibaki kama maji yaliyooshea vyombo. Yule mama akacheka akaninyooshea kidole juu, akimaanisha urefu wa mlima: huku maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mtu aliyepika chai miaka kumi na saba alipaswa kusimama hapo afikirie. Kama mahali ni juu kiasi kwamba hata chai haiivi, mwili wangu utakuwa salama vipi? Mimi niliona jambo moja tu, kwamba sababu ya kichwa changu imepatikana. Nikaendelea kusema ni chai.

Siku zilizofuata nilizidi kuumwa, na uongo wangu nao ukazidi. Chakula kilinichukiza. Nilitapika asubuhi nyuma ya ukuta wa mawe, nikafunika kwa theluji kwa buti, kama paka. Uso ulivimba, na pete ikakataa kutoka kidoleni. Kikohozi kikaja, kikavu mwanzoni. Nikipanda hatua kumi nasimama, najifanya napiga picha. Pasang akinibana kidole na kukunja uso, nawahi kusema, "Mikono yangu ni baridi, ndiyo maana." Akiniuliza kuhusu kichwa, nasema kiko sawa. Alituongezea siku moja ya kupumzika. Nilipolala chali nilihisi kama mtu amekaa kifuani, kwa hiyo nikawa nalala nimekaa. Chelangat aliniuliza kulikoni, nikamjibu kwa ukali, "Nimekosa chai tu, niache."

Nilimwogopa nyapara ambaye hakuwepo. Niliona kabisa kwamba nikisema, nitatolewa kwenye mstari, na miaka minne ya akiba ipotee, na wale watano walioachwa Sotik waseme Nyaboke alishindwa.

Ilibaki siku moja tufike kambini. Asubuhi hiyo tulikuwa ndani ya chumba cha kulia, karibu na jiko, milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Nilikuwa navaa. Chelangat alinitazama, akauliza taratibu, "Mama Brian, unafanya nini?" Nikatazama chini. Nilikuwa nalazimisha glavu iingie mguuni. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini sikuweza kujua ni nini. Nikamjibu kwa Kikisii, lugha asiyoijua. Kisha nikakohoa, na mate yaliyotoka yalikuwa povu la rangi ya waridi, kama maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kinachotoa damu.

Chelangat alikuja nyuma yangu, akanipandisha sweta, akaweka sikio mgongoni mwangu, pale chini ya bega, kama anavyowafanyia ndama wake. Sikio lake lilikuwa baridi. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Hii kifua iko na maji," akasema. "Nimeskia ndama yangu ikipumua hivi. Kesho yake nilikuwa nachimba shimo. Pasang! Kuja hapa saa hii."

Pasang akaja mbio. Akaniambia nitembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya kidole. Kitu cha mtoto. Hatua ya pili niliangukia meza. Akabana kidole changu, akatazama kifaa, akakizima bila kuniambia kinasema nini. "Didi, safari ya kupanda imeisha. Tunashuka sasa hivi. Si baada ya chai, sasa hivi."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Nilimgeukia Chelangat. Nikamwambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nyinyi watu kazi yenu ni kututoa tu. Hata huku umenifuata kunitoa."

Msomaji wa mbali ataona ni maneno ya hasira tu. Sisi tunaoishi Sotik, mpakani mwa Wakisii na Wakipsigis, tunajua uzito wake. Tuna mwaka ambao hatuutaji tukiwa tumeketi pamoja, mwaka ambao watu wa pande zote mbili walifukuzana, wakahama na magodoro vichwani. Mimi na Chelangat hatukuwahi kuuzungumzia hata siku moja. Nami nikauchukua nikamtupia usoni, yeye aliyekuwa amepiga magoti akinifunga kamba za buti.

Alimaliza kufunga kamba. Akafunga buti la pili pia.

Mawingu yalikuwa yameziba bonde na helikopta haingeweza kuja. Pasang akapata farasi. Kulikuwa na kundi jingine lililokuwa linaondoka kwenda kambini, na akamwambia Chelangat anaweza kuandamana nalo, afike, apige picha, atupate chini kesho. Alikuwa mzima kabisa. Kambi ilikuwa mwendo wa siku moja tu. Chelangat akamwuliza, "Na huyu nani atamshika asianguke kwa farasi?" Akachukua mkoba wake akasimama kando ya yule farasi, mkono kiunoni mwangu.

Nakumbuka vipande vipande. Nakumbuka shingo ya farasi na kengele yake. Nakumbuka nilijikojolea na joto likanimwagikia, nikafurahia lile joto. Nakumbuka Chelangat akiniambia, saa baada ya saa, "Usilale. Niambie majina ya wateja wako. Yule wa chapati tatu anaitwa nani?" Nikishindwa kujibu ananifinya. Alinifinya hadi nikawa na alama za buluu pajani, na daktari baadaye aliniuliza kama nimepigwa.

Alasiri tulifika kijiji chenye kliniki ndogo. Daktari, mama mwembamba mwenye miwani, alinisikiliza kifua akaniwekea hewa ya mtungi puani kabla hata ya kuuliza jina langu. Baadaye, nilipoanza kuelewa, aliniambia bila kuzunguka, "Mapafu yako yamejaa maji na ubongo umeanza kuvimba. Ungeendelea kupanda leo, hungeshuka ukiwa hai. Nani aligundua?"

Nikamwonyesha Chelangat, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi na buti miguuni.

"Ni nesi?"

"Hapana," nikasema. "Anafuga ng'ombe."

Yule daktari akaenda akamfunika blanketi.

Nilikaa pale siku mbili na ile hewa. Asubuhi ya kwanza nilikojoa ndoo nzima, na uso ukaanza kurudi kuwa wangu. Nilimpigia Brian simu, akalia mpaka akashindwa kuongea, kijana mkubwa vile mwenye ndevu. Tulishuka pole pole, safari hii pole pole kweli, na kila tulivyoshuka kifua kilifunguka. Nyumbani nilikuwa dhaifu wiki sita. Kupanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu kulinitaka nipumzike mara mbili. Kisha picha ya kifua iliyopigwa Kericho ikaonyesha mapafu safi, na nililia mbele ya yule kijana wa eksirei, akadhani amenipa habari mbaya.

Sasa nawaambia ninyi mnaonisoma. Ukienda mahali pa juu, ugonjwa wa mwinuko hauchagui mwembamba wala mkimbiaji wala mzaliwa wa Kericho. Kichwa kikiuma huko, kihesabu kuwa ni mlima mpaka kithibitishwe vingine, na usipande hatua moja zaidi. Vidonge mezeni, hata kama vinawakojoza. Mkihisi vibaya, shukeni. Na hata wewe usiyeenda popote, unayechuma na homa kwa sababu hutaki mstari wako upewe mwingine, au unayeficha uvimbe kwenye titi kwa sababu karo ya watoto bado: sema. Mwambie mtu mmoja tu. Mimi nilijua naumwa kwa siku tano, na mtu wa kuniokoa alikuwa amelala kitanda cha pili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Pasang, na yule daktari, na yule farasi. Kuhusu Chelangat, ilinichukua wiki zote sita kupata ujasiri. Wakati huo wote aliniletea maziwa ya kunywa, ingawa hoteli ilikuwa imefungwa. Asubuhi moja, alipokuwa akiyamimina, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Chelangat, yale maneno nilikuambia kule juu. Nisamehe."

"Maneno gani?" akasema, bila kuacha kumimina.

"Yale ya asubuhi ile. Kuhusu kututoa."

"Mimi sikuskia kitu," akasema. "Upepo ilikuwa mingi sana."

Kule juu tulikuwa ndani ya nyumba asubuhi ile, karibu na jiko, milango imefungwa. Nikawasha moto, nikampikia chai.