Tulienda Kajiado kuomba pampu ya shule, kamati ya bajeti ikatuuliza "tutoe wapi?"

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sikusimuliwa, nilikuwa ndani ya ukumbi mwenyewe.

Nauza chakula cha kuku hapa Kitengela. Binti yangu Wambui yuko boarding katika shule moja ya wasichana karibu na Bisil. Shule ina borehole, kisima kirefu, iliyochimbwa kitambo, ila haina pampu. Maji huletwa na lori, na lori lisipokuja wasichana wanaoga kwa kikombe.

Mwaka jana mwalimu mkuu alituita wazazi. Akasema hali ikiendelea hivi, bweni litafungwa. Niliogopa, maana Wambui hawezi kutoka Kitengela na kurudi kila siku.

Kila tukiuliza, tunaambiwa pampu "iko kwa bajeti". Sasa mimi ni mtu wa kudadisi. Iko ukurasa gani? Hakuna aliyejua.

Ndipo tukasikia kamati ya bajeti ya Bunge inakuja Kajiado kusikiliza wananchi. Tulienda na Mama Naserian, mwenyekiti wa wazazi, mfugaji wa mbuzi pale Bisil. Alibeba mtungi wa maji ya lori, rangi yake kama chai ya jana.

Ukumbi ulijaa. Huyu anataka barabara, yule kituo cha polisi. Kila mtu na ombi lake.

Mama Naserian akaweka mtungi mezani. "Hii ndio watoto wetu wanakunywa. Tunataka pampu."

Mbunge mmoja alimsikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, nimeelewa. Sasa hiyo pesa tutoe wapi?"

Wakuu! Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Kumbe Hazina hupeleka Bungeni kitabu kizima cha makadirio kabla ya mwezi wa tano. Kamati inaweza kukibadilisha, lakini ukiongeza hapa lazima upunguze pale.

"Toeni kwa chai na safari zenu!" mtu akapiga kelele nyuma. Tukacheka. Mbunge naye akacheka, akasema hiyo wameshapunguza.

Mama Naserian akaomba kile kitabu, nikamsaidia kusoma. Pampu yetu haikuwemo popote. Tukafika mahali palipoandikwa pesa za uzio wa soko la mifugo la Bisil. Soko lake mwenyewe, ambako mbuzi hukimbilia barabarani kila siku ya mnada.

"Toeni hapa," akasema.

Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeketi kando yangu, akaruka. "Mama, unatoa yetu?"

"Na yangu pia, mzee. Mbuzi yangu itangoja. Hao wasichana wakirudi nyumbani, wengine hawatarudi shule tena."

Mzee Abdi akaketi.

Niseme kidogo hapa. Nilikuwa nadhani bajeti ni ile siku Waziri anasoma hotuba kwa TV. La hasha. Kamati iliandika ripoti ya kuhamisha pesa za uzio kwenda kwa pampu, Bunge likapitisha Appropriation Bill, mswada wa kuidhinisha matumizi, kabla ya Juni kuisha, Rais akatia sahihi. Hata hapo ni ruhusa tu ya kutumia. Pesa zenyewe hutoka polepole, na tulingoja hadi nikaanza kukata tamaa.

Lakini pampu ilikuja. Wambui alinipigia kwa simu ya mwalimu kuniambia amefua blanketi. Nililia, sifichi.

Juzi nilipita Bisil siku ya mnada. Uzio bado haupo. Nikamkuta Mama Naserian anakimbiza mbuzi katikati ya lami, shuka begani.

"Baba Wambui, maji bado inatoka?"

"Inatoka, mama."

"Haya, sasa shika hiyo mbuzi!"

Nilichojifunza: ukienda kwa hiyo mikutano, usibebe ombi peke yake. Soma kitabu kwanza, ujue utakachokubali kikatwe.

Nauliza wakuu, na nijibuni kwa ukweli: kwenu mngeulizwa "tutoe wapi", nani angetaja kilicho chake?