Katika Foni Hakuna Jina

Nimechoka kuulizwa kwa nini sisemi sana. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusema, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyonifunza kunyamaza. Nilikuwa katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la kwetu, huko Kivu ya Kusini. Watu wa transmisio, ndivyo tulivyoitwa. Wenzetu walibeba bunduki, sisi tulibeba foni, ile redio nzito ya mgongoni, tukapanda nayo kila kilima ili wakubwa watusikie.

Sheria zetu zilikuwa chache. Katika foni hakuna jina, la mtu wala la mahali. Sema kifupi. Ukipewa ujumbe, urudilie, na ukiutoa, mwambie mwenzako arudilie, mpaka maneno yawe yaleyale pande zote mbili. Siku moja mwenzetu alitaja daraja kwa jina lake, kwa uvivu tu, na waliokuwa wakitusikiliza wakaenda kuwangoja askari wetu palepale. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Pale viliponzwa vichwa vya watu wengine, na yeye mwenyewe akabaki na chake, akakitikisa mpaka kulipokucha.

Kambi yetu ilipoanguka niliiacha foni porini nikavuka mpaka kuingia Uganda. Kule Kabazana, wanakopokelewa wakimbizi wapya, karani aliniuliza jina langu nikamtazama tu. Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akaniombea huruma, akasema huyu baba wa watu hasikii. Hata kucheka sikuweza.

Sasa niko Nakivale, katika makazi ya wakimbizi. Nina kiwanja, nina maharage yanayoota yanavyotaka yenyewe, na chini ya turubai natengeneza simu na redio za watu. Spika na vioo navifuata Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa mzee mmoja Mganda aliyefanya kazi kama yangu katika jeshi la nchi yake. Mimi namwita afande, yeye ananiita Mukongo. Tunabishana redio za jeshi gani zilikuwa mbovu zaidi, na hatujawahi kumpata mshindi.

Nyumbani waliamini nimekufa. Askari mmoja alipita akawaambia foni yetu imenyamaza, na foni ikinyamaza, kwa hesabu za jeshi, aliyeibeba ameondoka. Ndugu walitaka kuweka kilio, wakae, waombe, yaishe. Mama alikataa. Akakataa tena, hadi wakachoka kumngoja wakapanga siku bila yeye.

Ndipo dada yangu alipoipata namba yangu kwa watu wa kwetu walioko hapa. Alimpandisha mama mlimani, pale rezo ya simu inapofika, akampa simu. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini niliposikia sauti ya mama ikiuliza ni nani, ulimi wangu ulisimama mguu sawa. Nikasema niko salama, nasikia vizuri, rudilia kama umesikia.

Nikamsikia mama akimwambia dada kwamba hiyo ni mashine ya jeshi, wanatudanganya, akamrudishia simu.

Dada alinisihi nitaje jina langu la nyumbani, lile ambalo mama mwenyewe alinipa. Nikamwambia haifai, simu ina masikio, yeye amweleze tu kwamba ni mimi. Aliponijibu, sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu.

“Kaka, kesho batu banakuja ku kilio. Mama atakaa mule, atakulilia ukiwa muzima.”

Rezo ikakata. Nilimkasirikia dada, nikajikasirikia mwenyewe, nikaikasirikia na ile simu.

Kesho yake nilikuwa na redio ya mteja inayotaka spika, nikaenda Mbarara. Tangu Nakivale hadi Kabingo, lami inapoanza, nilikula vumbi nikiwaza kilio changu mwenyewe. Nilimsimulia afande yote. Hakuinua kichwa, alikuwa anapuliza uchafu ndani ya redio ya mtu.

“Wewe naongea na mama kama naripoti kwa brigedi,” akasema. “Nani nasikiliza wewe sasa? Ni mama tu iko nasikiliza.”

Simu ikalia tungali palepale. Alikuwa dada, na nyuma yake nilisikia watu wakiimba nyimbo za kanisani, zile za kuzikia. Kumbe walikuwa wameanza, tena wamepanda mlimani pamoja na mama, labda kumfariji, labda kumchunga. Dada hakunisalimu, alimpa mama simu.

“Kama uko mutoto wangu, sema jina yako.”

Nilitazama nje. Bodaboda zinapita, wanawake wanauza nyanya, hakuna aliyegeuza shingo. Hata hivyo jasho lilinitoka mgongoni, palepale ilipokuwa ikikaa foni. Nikalitaja. Hapa silitaji, maana tabia haifi kwa siku moja, ila kwa lugha yetu maana yake ni mtoto wa kelele. Nilizaliwa nikilia hadi majirani wakaja kuuliza.

Mama akasema, “Rudilia.”

Neno langu mwenyewe. Nikarudilia.

“Rudilia.”

Mara hii sauti ilinikatikia katikati ya jina, nikaanza kulia, mtu mzima, nimesimama kati ya redio zilizofumuliwa. Afande akavuta mlango wa duka akaurudishia, akaendelea kupuliza vumbi lake. Upande wa pili nyimbo zilikuwa zimenyamaza. Nikamsikia mama akiisogeza simu mbali na mdomo, akizungumza na watu.

“Bandugu, murudie kwenu. Mutoto wangu iko muzima. Amechoka tu.”